Unga mweusi wa Luthuli: mtuandikie digrii za baridi jamani

Mhariri,

Niko na maneno juu ya hii stori ya magazetini ya kaboni inayopitisha stima bila kupoteza chochote, manake sasa imefika mbali. Juzi kuna jamaa pale Luthuli Avenue alikuwa anauza unga mweusi kwa chupa ya dawa ya kikohozi, ati ni kaboni ya maabara, ukipaka kidogo kwa waya za mita token inakaa mara mbili, na watu wananunua! Mimi ni fundi wa stima, nikamwambia afungue nione. Akafungua hapo juani bila wasiwasi wowote, akanimwagia kidogo kwa kiganja. Nikajua ni masizi.

Kaboni yenyewe ipo, si uongo. Inaitwa fulereni, atomi 60 zimejipanga kama mpira wa kandanda, waliigundua wanasayansi kina Kroto, Smalley na Curl kule Houston 1985 wakapewa Nobel 1996. Lakini peke yake haina maajabu. Ni 1991 ndio watu wa Bell Labs, maabara ya utafiti Marekani, waliichanganya na potasiamu, atomi 3 kwa kila mpira, kila moja inautolea mpira elektroni yake, na ikipoozwa sana ukinzani, yaani kile kinachozuia stima kupita, ukaisha kabisa, sufuri. Ukizidisha potasiamu zikawa 6 inagoma tena. Na mchanganyiko huo hauskizani na hewa hata kidogo, ukiuacha wazi umeharibika, ndio maana wanaufungia ndani ya kioo. Sasa huyu wetu anaumwagia watu kwa mkono saa nane mchana?

Halafu kuna maneno ya digrii, na hapa nawalaumu nyinyi wa magazeti. Ile ya potasiamu inafanya kazi ikishapoa hadi kama 255 chini ya sufuri. Wakajaribu rubidiamu, metali ndugu ya potasiamu, atomi zake ni kubwa kwa hivyo mipira inaachana kidogo, ikapanda hadi kama 244 chini ya sufuri, na ya sesiamu, ndugu mwingine, ikafika karibu 235 lakini hiyo mpaka uikandamize kwa presha kubwa. Limuru mwezi wa saba ni joto tupu ukilinganisha. Mkiandika "stima bila hasara" mkaacha hiyo namba mnamtafutia jamaa wa chupa wateja.

Na wasomi pia wamewahi kuchezwa. 2001, Bell Labs hiyo hiyo, mtafiti Jan Hendrik Schön alitangaza amefikisha fulereni kama 156 chini ya sufuri, majarida makubwa yakachapisha, wenzake duniani wakajaribu kurudia wapi, mwishowe ikaonekana grafu za majaribio tofauti zinafanana mpaka zile kelele ndogo ndogo, yaani mistari kutikisika kwa bahati tu, ambazo haziwezi kufanana, akafutwa kazi 2002.

Kwa hivyo ombi langu, stori kama hii ikija andikeni ni digrii ngapi, na kama kuna maabara nyingine imerudia ikapata hivyo hivyo, na mpigieni mwalimu wa fizikia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla hamjachapisha, si mbali. Wale mmeshapaka unga kwa mita, zimeni stima kwanza na msiguse wenyewe, halafu muite fundi aufute wote, masizi kwa terminali inaweza kuleta shoti. Na kama token inaisha haraka angalieni hita ya bafuni, hiyo ndio inakula.

Fundi wa stima,
Kariobangi, Nairobi