Kicheko darasani si utovu wa nidhamu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule wa mkoa wetu wa Dodoma. Wapo wanaoamini kwamba darasa linalocheka limemshinda mwalimu. Mimi nafundisha Hisabati shule ya msingi wilayani Bahi, na imani hiyo naipinga kwa nguvu zote.

Anayebisha aje afundishe asilimia saa nane mchana, mwezi Novemba, bati linachemka na watoto wamebanana kwenye madawati. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 wameandikishwa wengi, jambo la kushukuru, lakini kuwaambia wote hao "sikilizeni!" hakusaidii kitu. Siku kama hizo nageuza darasa kuwa mnada wa mifugo wa Msalato. Mbuzi ni begi la madaftari. Muuzaji kamnunua kwa shilingi 80,000, anataka kumuuza kwa 100,000. Mnunuzi anamzunguka mbuzi, anamkagua meno, kisha anatangaza kwa sauti kwamba huyu anakohoa! Darasa hoi. Hapo hapo nauliza: akiuzwa kwa laki, faida ni asilimia ngapi? Mikono inaruka mpaka kule nyuma. Wapo wanaosema 20, maana wamegawanya kwa bei ya kuuzia. Wenzao wanawakatalia, wanarudi kwenye ile 80,000, wanapata 25, na wanabishana kana kwamba hela ni zao. Somo hilo silirudii.

Wala si jambo geni kwetu. Watoto hawa wamekulia kwenye utani na vitendawili, ukisema "Kitendawili!" wanaitika "Tega!" kabla hawajajua utawauliza nini. Kwa nini masikio hayo tuyaache getini?

Ila kumcheka mtoto kwa sare iliyochanika, kwa lafudhi ya kwao au kwa alama alizopata ni uonevu, hata darasa likivunjika mbavu. Mtoto huyo hanyooshi mkono tena. Mwalimu wa namna hiyo akemewe.

Kwa hiyo, mthibiti ubora akisikia kicheko asiishie dirishani. Aingie, akae, afungue madaftari aone watoto wamekokotoa nini, ndipo aandike ripoti yake. Na vyuo vya ualimu viwape wanachuo nafasi ya kujaribu mbinu hizi wakati wa mazoezi ya kufundisha, wasipimwe kwa utulivu wa darasa peke yake.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bahi, Dodoma