Kabla hatujanunua mkono

Ann Arbor, Michigan

Shoga yangu Mama Idi,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, baridi tu. Nisamehe kwa kimya. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, na kila mara nikakosa la kukujibu. Idi wetu, mtoto wa miaka saba aliyezaliwa bila kiganja cha kulia, anaficha mkono mfukoni hata ndani kwao! Na huyo mwalimu anayemkalisha chini ya mwembe wenzake wakicheza... basi, niache.

Bei ya mkono wa bandia ninaiulizia, usiwe na wasiwasi. Ila kuna mtu nataka umjue kwanza.

Anaitwa Jim Abbott, mzaliwa wa Flint, si mbali na hapa. Kazaliwa 1967 hana kiganja cha kulia, kama Idi wetu. Wazazi wake nao walihangaika wakampatia mkono wa bandia wenye ndoano. Mtoto akaukataa. Akawa anarusha mpira ukutani na kuudaka, na kila akizoea anasogea karibu zaidi ili umrudie kwa kasi.

Amecheza besiboli hapa Chuo Kikuu cha Michigan, mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Nimemtazama kwenye video mpaka Baba Salma kanishangaa. Glavu anaipachika kwenye ncha ya mkono wa kulia, anarusha kwa kushoto, na papo hapo kiganja kimeshazama ndani ya glavu. Mpira ukimrudia anaudaka, glavu anaibana kifuani kwa mkono ule mfupi, anachomoa kiganja na mpira wake, anarusha. Ukipepesa macho tu, umepitwa.

Akapewa Tuzo ya Sullivan ya mwaka 1987, ya mwanamichezo bora wa ridhaa Marekani; hakuna mcheza besiboli aliyewahi kuipata kabla yake. Mwaka 1988, Seoul, akarusha fainali nzima ya Olimpiki, Marekani ikaishinda Japani 5-3. Na 4 Septemba 1993, akiirushia New York Yankees, aliwabana Cleveland mechi nzima wasipate pigo salama hata moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira wake akafika kituo kwa pigo lake mwenyewe.

Lakini mwaka ninaoufikiria mimi ni 1996: alishinda mechi 2, akapoteza 18. Timu ikamwacha. Mwaka 1998 akarudi, akashinda 5 bila kupoteza. Idi naye asimuliwe na mwaka huo wa kupoteza 18.

Watoto wenye viungo pungufu walimwandikia barua nyingi, naye alikuwa akiwajibu. Alipostaafu akawa anazunguka kuzungumza na watu. Mwaka 2009 chuo kikaistaafisha jezi yake, namba 31, kwa heshima yake, asiivae mwingine.

Ya mwalimu na mwembe nimeshayaacha, narudi kwenye ukuta, kama ule wa Jim. Ule ukuta wa nyuma kwa bibi bado umesimama? Idi anao mpira wa tenisi, au nimpe Mwanahawa akija mwezi ujao? Huo mkono wa bandia umeutaka wewe au kautaka yeye? Ulishamuuliza? Na video nikutumie, simu yako itaifungua?

Mbusu Idi, mkono ule ule.

Wako,
Mama Salma