Kinyume cha mfuatano si vurugu

Mhariri,

Safu yenu ya lugha iliulizwa kinyume cha "mfuatano" ikajibu kwa neno moja: vurugu. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya kitaalamu, na naomba jibu hilo lisahihishwe, maana kuna mahali linaumiza watu.

Sarufi yetu yenyewe ingetosha kutuonya. Tukisema "aliingia, akakaa, akanywa maji", ile -ka- inapanga: hili likiisha, lile linaanza. Tukisema "alikaa akinywa maji", -ki- inayaleta matendo mawili katika wakati mmoja. Hakuna vurugu hapo; yanakwenda pamoja tu.

Mahakamani tofauti hiyo ni miaka ya uhai wa mtu. Aliyehukumiwa miaka 5 kwa kosa la kwanza na 3 kwa la pili atatumikia 8 vifungo vikifuatana, na 5 vikienda pamoja. Anayeripoti hukumu akajumlisha bila kusikiliza agizo la hakimu amempa mfungwa miaka 3 ambayo hakupewa.

Kwenye matibabu ya kifua kikuu jambo ni zito zaidi. Miaka ya 1940 dawa ya streptomycin ilipotolewa peke yake, wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha vijidudu vikawa sugu. Kumpa mgonjwa dawa moja, ikishindwa umpe nyingine, ni kuvifundisha vijidudu kuzishinda zote, moja baada ya moja. Ndiyo maana dawa huunganishwa. Lakini tazama utaratibu uliozoeleka kwa kifua kikuu kisicho sugu: dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 4. Dawa zinakwenda pamoja, awamu zinafuatana. Mtafsiri wa maelezo ya mgonjwa akichanganya viwili hivi, hakuna kamusi itakayomwokoa mgonjwa huyo.

Katika kompyuta neno hili lina vinyume viwili. Ukizungumzia kazi, kinyume ni sambamba: prosesa nyingi, yaani vitengo vinavyofanya hesabu ndani ya kompyuta, zikigawana kazi. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo; kama sehemu moja ya kumi ya kazi ni lazima ifanywe kwa kufuatana, hata prosesa elfu moja hazitaifikisha kasi mara 10 ya prosesa moja. Ukizungumzia kumbukumbu, mambo ni mengine. Kanda ya sumaku husomwa kwa kufuatana, inabidi upite yaliyotangulia ndipo ulifikie unalolitaka, na kinyume chake ni kuliendea moja kwa moja. Wengine hutafsiri hilo kuwa "nasibu". Silipendi neno hilo hapa, kwa sababu kompyuta haibahatishi. Inajua hasa inakokwenda.

Saketi za umeme nitazipita haraka, kwani kila mwanafunzi anazijua: balbu zilizounganishwa kwa mfululizo, moja ikiungua zote huzimika, zilizounganishwa sambamba, zilizobaki huendelea kuwaka.

Kinachonivutia kuliko vyote ni mnada na zabuni. Mnadani kila mmoja hutaja bei akiwa amesikia ya mwenzake, kwa hiyo huo ni mfuatano. Bahasha za zabuni zinaweza kuletwa siku tofauti, hii Jumatatu, ile Ijumaa, na bado wataalamu wa nadharia ya michezo, elimu ya namna washindani wanavyoamua, watasema walioshindana wameamua kwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeona bei ya mwingine. Hapo saa haina kazi. Kinachopimwa ni kile mtu anachokijua kabla ya kuamua.

Naomba basi safu ilirudie swali lile, na kabla ya kutoa jibu imuulize msomaji: mfuatano wa nini?

Msomaji wenu,
Mtafsiri