Mtoto kiziwi nae ana haki ya kuelewa darasani

Mhariri, habari za kazi. Naandika kutoka Newala, naomba nafasi kidogo. Jirani yangu ana binti kiziwi yuko darasa la pili, anakaa dawati la nyuma kabisa, ticha anaandika ubaoni huku anaongea kawapa mgongo, sa huyu mtoto atasoma mdomo wa nani? Anakopi tu, daftari limejaa mwandiko mzuri kweli lakini ukimuonyesha neno moja hapo hajui ni kitu gani. Inaniuma sana.

Watu wengi huku wanaona kumsaidia mtoto kama huyu ni huruma, ukijisikia unafanya usipojisikia basi. Hapana jamani, ni sheria! Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake, na mwaka huohuo wa 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao kifungu cha 24 kinataka watoto viziwi wafundishwe kwa lugha ya alama na waajiriwe walimu wanaoijua.

Halmashauri zetu zinapata ushuru wa korosho kila msimu, tengeni hela basi hata mwalimu mmoja kila kata akasomee lugha ya alama. Na wazazi msiwafiche watoto ndani, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mkamuulize mtoto wetu atasoma wapi na nani atamfundisha, na msiondoke mpaka mjibiwe.

Mkazi wa Newala, Mtwara