Mazoezi ya unesi tunayafanya kila siku, kwa nini tuitwe Dar?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba siku hizi kila kitu kimehamia kwenye simu mpaka unesi, akamalizia kwamba yeye hatakubali kuchomwa sindano na nesi aliyesomea kwenye bando. Nilicheka kweli, nikamsomea na mwenzangu wa zamu tukacheka wote, alafu jioni nikiwa naosha vyombo nikaona hapana, huyu baba ajibiwe, maana nesi mwenyewe wa bando ndo mimi.

Mi ni nesi mkunga kwenye kituo cha afya upande wa Rungwe, nina diploma na leseni, na huu ni mwaka wa tisa nipo kazini. Kwenye makaratasi ya serikali naitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na hilo neno Msaidizi halikutoki mpaka upate digrii. Sasa digrii ya kukaa darasani ni miaka minne, uombe ruhusa ya masomo usubiri zamu yako, uache watoto, uache mama mzee, uende ukapange chumba Dodoma au Dar. Ndo maana chuo kimoja (jina nalihifadhi) kilipotangaza kwamba sisi wenye diploma tunaweza kusoma nadharia kwa mtandao huku tunafanya kazi, nilijaza fomu usiku uleule.

Nimwambie baba yangu wa sindano kwamba sindano sikujifunzia kwenye simu. Nilijifunza chuoni miaka ile, tunachomana wenyewe kwa wenyewe mikono inatetemeka, alafu wodini mkufunzi amesimama nyuma yako. Ninachopata kwenye simu sasa hivi ni ile "kwa nini" ambayo kwenye diploma tuliipita mbio.

Nitoe mfano mmoja, na huu unaniuma kidogo kuusema. Mama akishajifungua tunamchoma oksitosini yuniti 10 ili kizazi kikaze asitokwe damu nyingi, hiyo kila mkunga anaijua hata ukimwamsha usingizini. Siku moja nipo jikoni nasikiliza somo huku nachambua mchele, mwalimu akasema hii dawa inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8, ikikaa kwenye joto nguvu inapungua polepole na kwa macho huwezi kujua, inabaki maji safi vilevile. Nikaacha mchele. Hapa tulipo baridi inatusaidia, mwezi wa saba hata maji ya bomba yanauma, lakini kabla ya hapa nilikaa Kyela miaka mitatu, na joto la kule ziwani mnalijua, na vichupa vyetu vya oksitosini vilikuwa vinakaa kwenye trei leba kutwa nzima ili viwe karibu na mkono, tena tulijiona tumejipanga vizuri. Nikaanza kuwakumbuka kina mama waliotokwa damu tukawa tunasema huyu kizazi chake kigumu. Sijui kama ilikuwa dawa au la, siwezi kujua tena. Nilichofanya ni kumpigia simu mwenzangu niliyemwacha kule, nikamwambia zirudishe kwenye friji, uwe unatoa moja mama akikaribia. Hilo somo lilinifikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando la siku.

Shida za kusoma hivi zipo, sitaki kudanganya. Ukitoka naiti, yani zamu ya usiku, umechoka kama umelima heka, ndo unafungua somo la takwimu. Mvua ya huku kwetu mnaijua, ikikaza umeme unaondoka na mtandao unaufuata nyuma. Mtihani wangu wa pili niliufanyia Tukuyu mjini, kwenye stoo ya duka la dawa la shoga yangu, kwa sababu ana jenereta. Mtihani wenyewe unasimamiwa na programu, inakuangalia kwa kamera na kusikiliza kwa maiki, ukigeuza shingo inaandika. Nipo katikati ya swali la tatu mteja akapiga hodi dirishani kwa sauti yake yote, "Kuna Panado hapooo?", na shoga yangu naye akajibu zipo, za ngapi? Wiki iliyofuata nikatakiwa kuandika barua ya maelezo kwamba Panado halikuwa jibu nililokuwa natumiwa na mtu. Nilifaulu lakini.

Kwa hiyo mtandao, umeme, usingizi, hivyo vyote nimepambana navyo na ninaviweza. Kilichonishinda, na ndo hasa kilichonifanya nikuandikie Mhariri, ni mazoezi ya vitendo.

Chuo kimetuletea ratiba kwamba nadharia mtamalizia hukohuko, ila kwa mazoezi mripoti Dar kwa wiki nane mfululizo, na wiki nne kati ya hizo ni za wodi ya wazazi. Yani mimi nitoke hapa, zaidi ya kilomita 800, nipande basi nishuke na mlima Kitonga, nikapange chumba, ili nikamshike mama anayejifungua mbele ya msimamizi, nikimaliza nirudi Rungwe nikute kina mama walewale wamekaa foleni. In-chaji wangu, yani msimamizi wetu wa kituo, aliisoma ile barua mara mbili akaniuliza, "Sasa dada, hawa wa huku watazalishwa na nani hizo wiki nane?" Tupo manesi watatu tu hapa. Sikuwa na jibu.

Sisemi mazoezi yafutwe, Mungu apishe mbali. Unesi bila wodi haupo, na hapo nipo upande mmoja kabisa na yule baba. Kijana aliyetoka kidato cha nne asidanganywe na mtu kwamba atakuwa nesi kwa kuangalia video. Ninachosema mimi ni wodi ipi, na nani anasimamia.

Maana wenzetu hili walishalifanya. Uingereza kuna chuo cha masafa, Open University, kinachosomesha watu ambao hata manesi bado hawajawa, ni wasaidizi wa wodini wanaotandika vitanda na kulisha wagonjwa. Nadharia wanasomea nyumbani, na mazoezi sehemu kubwa wanafanya kwenye hospitali iliyowaajiri na nyingine za jirani, kuna nesi mzoefu hapohapo anayewapima na kusaini. Na hayo mazoezi si ya kugusa tu, kule nesi anatakiwa afikishe saa 2,300 za vitendo. Tusiende mbali, Kenya hapo jirani walianza mwaka 2005, shirika la afya la Amref wakishirikiana na Baraza la Wauguzi la kule, kuwapandisha manesi wa cheti kwenda diploma kwa kompyuta huku wanaendelea na kazi zao. Sasa kama wa cheti walipanda hivyo miaka yote hiyo, sisi wa diploma tunasubiri nini?

Na wasimamizi kanda yetu hatuna uhaba kiasi hicho. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na kuna Meta ambako kina mama wanajifungua usiku na mchana. Iringa kuna hospitali ya mkoa na Tosamaganga. Ukienda Makete unakuta Ikonda, Njombe kuna Ilembula. Kwenye hospitali kama hizi kuna maafisa wauguzi wenye digrii zao. Chuo kiingie makubaliano nao, kiwalipe kitu, wao wanisimamie siku mbili kwa wiki nikitoka zamu, saa zangu zihesabiwe taratibu hata zikichukua mwaka. Mitihani nayo ifanyiwe sehemu ya maana, Chuo Kikuu Huria kipo kwa sheria toka mwaka 1992 na kina vituo mpaka huku mikoani, tungekuwa tunaenda kukaa pale na msimamizi mtu badala ya kamera inayogombana na wateja wa Panado.

Najua watu wa Baraza la Uuguzi na Ukunga wataogopa saini za kughushi, na wana haki ya kuogopa. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 Marekani walitangaza kesi ya vyuo vya Florida vilivyouza vyeti vya unesi kama 7,600 kwa watu ambao hawakusoma wala kukanyaga wodini, na wengi tu kati yao wakaenda wakafaulu mtihani wa leseni. Ila angalieni vizuri, wale hawakusoma kwa mtandao, hawakusoma kabisa, walinunua karatasi kwenye vyuo vyenye majengo na vibao. Wizi hauhitaji intaneti.

Hapohapo niwaambie na manesi wenzangu wanaotafuta hizi kozi kwenye simu. Mwenzetu mmoja wa Makambako aliona tangazo la chuo cha nje, digrii ya unesi miezi kumi na minne, akalipa awamu ya kwanza na ya pili kwa pesa ya kuuza shamba la viazi, alafu ndo akaja kuuliza. Akaambiwa cheti cha nje lazima kipite TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, na hicho chuo hakipo popote. Anza na TCU na Baraza, alafu ndo ada. Na hao TCU nao, tunawaomba hizo taarifa waziweke kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja, chuo hiki ndiyo, hiki hapana, kwa sababu matangazo ya matapeli yameandikwa Kiswahili kizuri sana.

Nimeiandika barua hii leo mchana, naingia naiti saa mbili. Kuna mama wa mimba ya kwanza toka asubuhi njia imefunguka sentimita nne, in-chaji anasema atanisubiri mimi. Oksitosini ipo kwenye friji. Chuo kinataka niripoti Dar tarehe 3 mwezi ujao, barua yao ipo hapa mezani chini ya sahani, bado sijaijibu.

Ni mimi,
Nesi wa bando,
Rungwe, Mbeya