YAH: KURUDISHIWA SAKSOFONI YA UMEME IKIWA NA VIDOLE VYA FILIMBI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya udhamini mnayajua kuliko mimi. Nilileta chombo kwa kosa moja tu, tundu la chaji kulegea. Sasa kinachaji vizuri, nashukuru. Lakini fundi wenu alifuta mipangilio yangu yote, akakiacha kwenye vidole vya filimbi, yaani noti zinabonyezwa kama kwenye filimbi, na ufunguo wa C, yaani noti inatoka ileile unayobonyeza, wala hakunitamkia neno.

Nimepuliza saksofoni ya alto miaka 22. Kidole cha kati cha kushoto peke yake ni C, hata usingizini. Kwenye filimbi hakuna kitu kama hicho. F-shapu kwenye saksofoni ni kidole cha kati cha kulia. Kwenye filimbi ni cha pete. Na nikibonyeza G, bendi inasubiri B-flati, maana kwenye alto yoyote vidole vya G hutoa sauti ya B-flati, hapa inatoka G ileile! Bibi harusi yuko mlangoni, mpiga kinanda ananitazama kama mlevi.

Jumatatu nikaja kwenu kwa adabu. Fundi akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, chombo kizima. Vidole ndivyo vimechoka." Watu wakacheka.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Chombo nilikichukua Ijumaa jioni mkiwa mnafunga duka, nikaambiwa "kimejaribiwa". Kimejaribiwa na nani, kwa vidole gani? Kubadili filimbi kuwa saksofoni ni kazi ya dakika moja kwenye menyu. Hiyo dakika ndiyo niliyonyimwa.

Narudia ya Jumatatu, maana naona nimeieleza kwa upole mno. Nilisimama kaunta na mwanafunzi wangu wa miaka 15, anayeniita mwalimu. Nikaomba fundi afungue menyu tu. Hakuifungua. Alininyang'anya chombo, akapuliza noti tatu za kitoto, G, A, B, ambazo vidole vyake ni vilevile kwenye filimbi na kwenye saksofoni, akasema: "Mzee, chombo kizima. Vidole ndivyo vimechoka." Kisha akafunga mkoba, mdomo wa kupulizia ukiwa bado mkononi mwangu. Kijana wangu akainamisha kichwa. Njia nzima hakusema kitu.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie mipangilio tu: vidole vya saksofoni, alto ya E-flati, wepesi wa vitufe na uzito wa pumzi kama nilivyovipanga mwenyewe. Bado nataka. Nataka pia shilingi 250,000 za harusi, ambazo mwenye shughuli amekataa kunilipa, na fundi huyo aniombe radhi mbele ya kijana wangu, palepale kaunta. Ijumaa saa kumi jioni ikipita kimya, sitaki tena matengenezo. Nitadai fedha yangu yote ya chombo, na barua hii itakuwa Tume ya Ushindani, wanaolinda walaji, Jumatatu asubuhi, pamoja na risiti.

Na msinipigie simu kuniita "mzee wetu". Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu, mpaka Ijumaa.