Usiinunue turbo bado

Iringa, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sote wazima, mama watoto anakusalimu na anauliza mguu wa shemeji unaendeleaje. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona nisipige simu, niandike, maana kwenye simu ningesahau jambo ambalo linaweza kukuulia injini. Acha nilitangulize. Kama fundi wako aliikaza ile skrubu ya kuongeza upepo wa turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, ili "kurudisha nguvu", mwambie ailegeze irudi pale ilipokuwa, kabla hamjagusa kitu kingine chochote. Sababu utaiona mbele.

Unasema geji ya presha ya turbo kwenye Subaru yako ilikuwa inapanda hadi psi 15, siku hizi inagota 9. Ukikanyaga linatoa moshi mweusi, mafuta linakunywa kama maji, lakini likisimama injini inaunguruma vizuri kabisa. Na yote yalianza wiki chache baada ya kuhamishia mbele intakula, ile rejeta ya kupooza upepo unaotoka kwenye turbo. Fundi akaishika shafti ya turbo, akaitikisa, akasema imekwisha, leta pesa.

Mwaka juzi nilipita njia hiyohiyo, na nilipita vibaya. Unaijua Subaru Forester yangu, toleo la SG5 la injini ya lita 2, iliyotoka Japani na nguvu farasi 220, kisha tukaifungulia mofla na kuiwekea intakula kubwa. Siku moja natoka Dar, nimefika mlima Kitonga, napanda kwa gia ya pili, mguu umegusa sakafu, na basi la abiria linanipumulia nyuma kama nimebeba matofali. Nilisikia aibu, nikasikia na uchungu, maana gari lile nililipenda. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Nikaweka pampu kubwa ya petroli. Mwisho nikanunua turbo ya mtumba kwa pesa niliyoiweka kwa ajili ya bati za nyumba ya uani. Turbo hiyo ikafungwa, geji ikasoma vilevile. Nyumba ile ilinyeshewa msimu mzima wa mvua, na turbo ya zamani, nilipoipeleka kwa fundi mwingine, ilikuwa nzima.

Kuhusu shafti, kwenye turbo kama zetu inaelea juu ya oili. Ukiitikisa pembeni ikiwa kavu lazima icheze kidogo, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake. Mwombe fundi wako aisukume na kuivuta, usimkubalie kwa kuitikisa tu.

Sasa fikiria moshi wako mweusi. Sensa ya upepo kwenye Subaru zetu inakaa karibu na ekliina, yaani kichujio cha hewa, kabla ya turbo. Inahesabu upepo unaoingia, kompyuta inapiga hesabu ya petroli ya kutosha upepo huo. Kama kuna mahali bomba limeachia kati ya turbo na injini, sehemu ya upepo ule inatokea hapo, haifiki kwenye silinda. Lakini petroli yake imeshamwagwa. Kwa hiyo injini inapata upepo kidogo na petroli nyingi, inatoa moshi, inakula mafuta, haivuti. Na gari likisimama mabomba yale hayana presha, ndiyo maana linaunguruma kama halina neno. Turbo iliyokufa nayo ingekosa presha, hilo ni kweli, ila mara nyingi ingekuonyesha moshi wa bluu wa oili, au ingelia. Moshi wako ni wa petroli. Mimi nakwambia upepo wako unavuja.

Intakula ya kiwandani inakaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na viungio vyake vinahesabika kwa vidole. Ulipoihamishia mbele ulinunua mabomba marefu yenye mipira ya silikoni kila kona, na kila mpira una klipu mbili. Hapo ndipo pa kutafuta.

Namna ya kutafuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira unaoingia mdomoni mwa turbo. Toboa katikati, ufunge valvu ya tairi, fundi pancha yeyote atakuwekea. Zima injini, gia huru, toa bomba la ekliina, funga kifuniko mdomoni mwa turbo na uikaze klipu barabara. Halafu jaza upepo wa kompresa polepole. Simama psi 5, sikiliza. Simama 10, sikiliza. Usipite ule upepo ambao gari linatumia kwa kawaida, na usisimame mbele ya kile kifuniko, kikichomoka kinaweza kukuvunja meno. Utasikia upepo mdogo ukitokea kwenye mofla au kifuniko cha oili. Huo ni wa kawaida, baadhi ya valvu za injini zinakuwa wazi. Ukizidi, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli, ujaribu tena.

Mimi nilifanya hivyo usiku, chini ya mwembe wa jirani, kijana wangu ameshika tochi. Kwenye 5 kimya. Kwenye 7 kimya. Nikaanza kukata tamaa. Ilipofika 9 nikasikia "fsss" chini ya bampa, nikapaka povu la sabuni ya unga, na pale kwenye kiungio cha kutokea kwenye intakula povu likafura kama maziwa yanayochemka. Klipu ilikuwa imeukata mpira kwa ndani, mkato wa urefu wa ukucha. Kwa macho huwezi kuuona. Ukishusha presha unafumba, ukipandisha unafunguka kama mdomo. Nilikaa chini kwenye vumbi nikauangalia mkato ule muda mrefu. Mpira mmoja. Na nilikuwa nimeshabadilisha robo ya gari.

Kulikuwa na la pili. Bomba lenyewe lilikuwa laini mwishoni, halina ule ukingo ulioinuka wa kuuzuia mpira usiteleze. Fundi wa kuchomelea alinizungushia ukingo kwa dakika ishirini. Nikafuta oili yote kwa petroli, maana oili ndani ya mpira ni kama kuusabunia, nikaweka mpira mpya na klipu za bolti badala ya zile za kukatwakatwa.

Sasa ile sababu ya skrubu. Fundi aliyenihudumia mwanzo, alipoona geji iko 9, alikaza hadi ikafika 13 huku upepo unavuja. Turbo ilikuwa inakimbia kuliko kipimo chake ili kujaza bomba lililotoboka. Nilipoziba mkato bila kulegeza, safari ya kwanza tu geji ilirukia karibu 20. Namshukuru Mungu niliachia mguu. Injini zetu hizi za Subaru, za familia ya EJ, hazivumilii hilo. Silinda zinagonga, kingo za pistoni kati ya ringi na ringi zinakatika, na hapo hatuzungumzi tena habari ya mpira. Kwa hiyo legeza kwanza, ziba, kisha pandisha taratibu huku mtu mwingine akisoma geji.

Ukishaziba, pima. Usipime kwa hisia, maana gari lililotoka gereji kila mtu anahisi limepona. Mimi nina kipande cha barabara tambarare, natumia gia ya tatu kutoka 40 hadi 80, kijana anashika saa. Pima leo kabla ya kuziba, upime na baadaye.

Na ukija huku kwenye harusi mwezi wa 12, usishtuke. Iringa ni kama mita 1,550 juu ya bahari. Presha ya hewa Dar ni 14.7, huku ni kama 12.2. Geji yako inaonyesha tofauti na hewa ya nje tu, kwa hiyo 15 ya Dar ni 29.7 ndani ya injini, na 15 ya huku ni 27.2. Pungufu ya asilimia 8 hivi, na geji inasoma namba ileile. Usimruhusu mtu akaze skrubu kwa ajili hiyo.

Kile kifuniko changu nimekifunga kwenye gazeti, nakupakilia kwenye basi la kesho asubuhi, kakichukue stendi ya Mbezi jioni. Kina valvu tayari. Jumanne nitumie namba mbili tu: presha ilikuwa ngapi uliposikia upepo unatoka, na ulitokea kiungio gani.

Ni mimi swahiba wako wa Iringa.